Kile Cheusi Kinachosema Nipo

Baba yangu hajapata kuvaa kofia ya duka. Tangu alipomwoa mama, kila Idi hutoka nyumbani kwetu Madungu na kofia mpya aliyoshonewa na mkewe, kofia ya mkono, vitobo vyake vimezungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka duara lote la juu na ukanda wa pembeni vimejaa viua. Zile za zamani hazitupwi. Zimo kasha moja, moja ndani ya nyingine, na tulipokuwa wadogo tulizitumia kukumbuka mambo: hii ya mwaka niliozaliwa mimi, hii ya mwaka kaka alipohitimu chuoni, hii ya mwaka bibi alipofariki, ambayo viua vyake ni vichache. Ukimwambia baba kwamba sokoni Chake Chake kofia nzuri zimejaa, atakutazama kama mtu uliyemshauri akale kwa jirani.

"Ya duka itaniwasha kichwa," husema, na mazungumzo yamekwisha.

Mama si mshonaji tu. Wapo wanawake wanaoshona kofia zilizochorwa na wengine. Yeye huchora mwenyewe, na kwa kuchora ndiko anakojivunia, ingawa ukimsifu atakwambia mikono ile ni ya marehemu mama yake. Zana zake ni kitambaa cha bafta nyeupe, kalamu ya risasi na kikombe cha chai cha kupatia duara. Huanza kuchora yakisha Maulidi, akashona polepole miezi yote inayofuata, ili Ramadhani ikiingia awe anamalizia.

Mwaka juzi macho yake yakaanza kumsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichokwisha kuondoka hakirudi, kilichobaki tukitunze kwa dawa ya matone. Mama hakulalamika. Kulalamika kwake ni kukaa kimya akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Mimi ni kitinda mimba wao. Nakaa Unguja, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Nilikuja Pemba kwa Maulidi, na siku ya tatu yake nikamkuta mama mezani, bafta iko mbele yake, anachora kofia ya mwaka huo. Nikasimama mlangoni kumtazama. Kalamu ilikwenda vizuri, ikafika ukingoni mwa kitambaa, ikatoka nje, ikaendelea kuchora juu ya meza, naye hana habari. Kiua kizima kilichorwa juu ya mbao. Baba alikuwa amekaa kiti cha pili na alikiona kama nilivyokiona mimi. Akainuka, akasema anakwenda kutazama kama mpunga umeletwa, na hatukuwa tukingoja mpunga wowote.

Nina hasira za karibu, hilo nimelirithi kwa baba. Kitu kikiniuma nataka nikitengeneze palepale. Nikavuta kiti, nikamwuliza mama bila kuzunguka: unaona nini na huoni nini?

"Mstari wa risasi siuoni," alisema. "Weupe juu ya weupe. Lakini kitobo nakijua. Nikikigusa kwa kidole sihitaji taa."

Basi jawabu alilitoa mwenyewe. Mpe mama kitobo, atakizungushia uzi hata gizani. Kilichomshinda ni mchoro tu. Nikamwambia: wewe utachora kwenye kompyuta, kwa madoa meusi makubwa kama kunazi, nayo itayapunguza yawe kipimo cha kofia. Tutachapisha kwenye karatasi, karatasi tuipige bandi juu ya bafta, tutoboe mlemle kwenye madoa, kisha tuichane. Vitabaki vitobo.

"Na viua nitavitunga mie?"

"Utavitunga wewe. Kompyuta haijui kutunga kiua."

Hapo ndipo alipokubali.

Niliiandika programu hiyo hapohapo nyumbani, likizo yangu yote, mezani kwake. Ilikuwa na duara kubwa katikati ya kioo. Ukiweka kiua mahali pamoja, chenyewe hujirudia pande zote mpaka duara likajaa. Mama aliicheka mara ya kwanza alipoona, kicheko cha kitoto, akasema kikombe chake cha chai sasa kitanywewa chai. Nikamwachia kompyuta yangu ya zamani ya kukunja, pamoja na printa, nikamfundisha kubonyeza mausi. Akajipangia saa yake: akisha kusali Alasiri hukaa kuchora mpaka Magharibi, kwani saa hizo mwanga huingia vizuri upande ule wa nyumba. Nami nikarudi Unguja nikiwa nimejaa majivuno kama niliyejenga daraja.

Sasa kidogo nieleze jambo la kazi yangu, nalo si gumu. Maandishi ya programu hayawi programu mpaka yajengwe, na ujenzi wake hufuata faili dogo la maagizo: chukua hiki, unganisha na kile, toa hiki. Usipoagiza vingine, kompyuta huihesabu programu yako kuwa ni ya maandishi, na kila ikifunguka huifungulia kijidirisha cheusi nyuma yake cha kusemea. Sisi waandishi wa programu tumekizoea kile. Humo ndimo programu inamotwambia inachofanya, na humo ndimo tunamojua ilipojikwaa. Mimi nilikuwa nimeijaza maneno ya kunisaidia mwenyewe wakati wa kuijaribu, na kwa kuwa niliandika nikiwa kwetu, maneno yalitoka kikwetu. Mama akiweka kiua, kile cheusi kiliandika "Haya, nimekiona." Akifuta, kiliandika "Hewala." Na kila baada ya muda mfupi, ili nijue programu haijaganda, kiliandika neno moja tu: "Nipo." Likashuka chini yake jingine, "Nipo," na jingine. Nilisahau kuyaondoa. Kwa macho yangu, kile cheusi kilikuwa kama mgongo wa kabati, nani anautazama?

Nilipiga simu kila Ijumaa. Vipi kofia, mama? "Alhamdulillah, inakwenda." Programu haisumbui? "Haisumbui hata kidogo, Mungu akupe kheri." Nilipaswa kushuku. Kwetu zawadi haitiwi ila. Ukimpa mtu kiti cha miguu mitatu atakushukuru na kukikalia kwa ubavu.

Kisha siku moja baba akanipigia mwenyewe. Baba hapigi simu, hupigiwa. Tulisalimiana, akaulizia hali, akaulizia mvua kama Unguja hakuna redio, halafu akasema:

"Mamako kasema mwaka huno hashoni."

"Kwa nini?"

"Kasema kachoka. Mie sina neno. Za zamani zipo. N'tavaa ya mwaka jana."

Alisema kwa sauti ya mtu anayesema hana njaa. Ile ya mwaka jana ilikuwa kofia ya mwisho aliyoichora mama kwa mkono, na wote wawili tulijua kwamba mwaka ukipita bila nyingine, kasha lile limefungwa. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda boti, nikashuka Mkoani, na magari ya Chake yalikuwa yananisubiri kama kwamba nimeagiza. Njia nzima nilimgombeza mama moyoni. Nilipomwona kibarazani akinipokea kwa uso wote, nikasahau nilichopanga kusema.

Hakutaka kueleza. Kachoka, basi. Kesho yake baada ya Alasiri nikamwomba anichoree kiua kimoja tu, nikione. Akakaa. Na mama alichora! Alikuwa ametunga kiua cha mlangilangi, majani yake marefu yamejipinda, na kati yake kikonyo cha karafuu. Vidole vyake vilikuwa vinajua njia yote. Hakusita hata mara moja, kama mtu anayesoma sura aliyoihifadhi. Niliduwaa. Nikajiuliza huyu amechoka nini?

Magharibi ikakaribia, naye akainuka kufanya duru yake ya kila siku. Mama haachi kitu wazi jua likizama. Sinia liliwekewa kawa, mtungi ukafunikwa, madirisha yakavutwa. Akarudi mezani, na muadhini wa msikiti wetu alipoanza tu Allahu Akbar, mama akanyoosha mkono, akaisukuma mausi mpaka kwenye pembe ya kile cheusi, akakifunga.

Programu nzima ikapotea pamoja nacho. Duara, mlangilangi, kikonyo cha karafuu, vyote.

"Mama!" Nilipiga kelele, adhana inaendelea. Akaniwekea kidole mdomoni. Ikabidi nisubiri mpaka muadhini amalize, na dua isomwe, ndipo nikauliza: "Umefanya nini?"

"Nimekifunga. Magharibi imeingia."

"Na kiua chako?"

"Kimeondoka. Si ndivyo kinavyofanya?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kila siku huondoka. Kesho huanza upya. Mie nikadhani ndo desturi yake, kwamba nafundishwa mpaka mkono ushike."

Jamani. Tangu Maulidi. Kila siku baada ya Alasiri mama yangu alikuwa akichora kofia ile ile tangu mwanzo, na kila Magharibi akiiua kwa mkono wake bila kujua, kwani programu yangu niliiandika ihifadhi kazi pale inapofungwa kwa mlango wake, na ukikifunga kile cheusi hakuna mlango tena, umeibomolea nyumba. Ndiyo maana vidole vilijua njia. Nilikwenda jikoni nikalia, nikarudi nikiwa nimeshanawa uso. Mama akaniuliza kama moshi umenichoma, nikamwambia ndiyo, na jiko letu ni la gesi.

Usiku ule sikufanya kitu. Asubuhi nikaanza. Nilikwisha kuamua kosa ni lipi: mama ni mtu wa kufunika vitu, na mimi nimemwekea kitu kisichofunikika. Dawa ni kukiondoa kile cheusi machoni pake.

Kwanza nikafanya kivivu. Nikaiandikia programu kwamba ikisha kufunguka tu, ikifiche. Kikafichika, lakini si kabla ya kuonekana: kilitokea, kikapita, kikapotea, kufumba na kufumbua. Nikamwita mama aje kujaribu. Akabonyeza, kile kikapita, naye akarudi nyuma na kiti chake.

"Bismillahi! Kimepita kitu!"

"Hakuna kitu, mama. Ndicho kile cheusi, kinajificha."

"Kinajificha kwa n'ni? Kimefanya n'ni?"

Baba naye akaitwa kushuhudia. Akakaa, akaibonyeza mwenyewe, kikapita. Akavua miwani, akaifuta, akabonyeza tena. "Kweli kapita ntu," alisema kwa uzito, nami nikaona masharubu yake yanatikisika kwa kicheko anachokizuia. Watu wa nje hutusingizia sisi Wapemba mambo mengi ya gizagiza. Sikutaka programu yangu iongeze fununu. Mama alikuwa ameshaanza Ayatul Kursi.

Basi nikafanya inavyotakiwa, kwenye faili lenyewe la maagizo ya ujenzi. Kazi yenyewe ni neno moja: unaagiza kwamba programu hii si ya maandishi, ni ya madirisha, isifunguliwe kile cheusi asilani. Niliandika neno langu moja, nikajenga, ujenzi ukagoma. Ulidai hauoni pa kuingilia. Programu za aina hiyo zina mlango wao wa kuanzia wenye jina lake, na yangu ilikuwa na mlango wa aina ya kwanza. Asubuhi nzima nilizunguka na jambo hilo, nikatukana kwa sauti ya chini, mama akanitilia chai na mkate wa kumimina bila kuuliza. Mwisho nikaongeza mstari mmoja wa kuagiza: ingia kwa mlango uleule wa zamani. Ikajengeka. Nikabonyeza. Duara likatokea peke yake, safi, nyuma yake hakuna kitu. Nikaiongezea pia iwe inahifadhi kila kiua kinapowekwa, isingoje kufungwa.

Mama alikaa siku ile akachora mlangilangi wake, Magharibi ikaingia, kesho akaukuta palepale. Aliugusa kiooni kwa kidole. Mimi nikapanda boti yangu Jumapili nikiwa na raha, kwani Ramadhani bado ilikuwa mbali, na kofia ingewahi.

Ijumaa nikapiga simu. Inakwenda, mama? "Alhamdulillah." Sauti ile. Safari hii nilishakuwa na akili, nikaomba kusema na baba.

"Hajakaa hapo tangu uondoke," baba alisema. "Kaifungua siku moja, kaitazama, kaifunga. Kasema imenuna."

"Imenuna? Kompyuta?"

"Kasema hivyo."

Nikamrudisha mama kwenye simu. Nilikuwa nimechemka, nakiri, na sauti yangu haikuwa ya adabu: mama, kile cheusi nimekiondoa, kazi inakaa, unataka nini tena? Kisha akasema taratibu, kama anayeomba radhi:

"Nimekuudhi, mwanangu?"

"Umeniudhi vipi?"

"Mbona umeyaondoa maneno yako?"

Nikaketi.

"Nilikuwa nikichora, kinanambia haya nimekiona," alisema. "Nikifuta, hewala. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukisema tangu mdogo. Na nikikaa nafikiri, hata sijafanya kitu, chaniambia nipo. Nipo, nipo. Herufi zake nyeupe juu ya weusi, hizo nazionea raha, haziniumizi macho. Sasa nakaa peke yangu, yanitazama tu. Kama ntu aliyenuna."

Nikamwambia, mama, yale hayakuwa mimi. Yale ni maneno niliyoyaandika mara moja, kompyuta inayarudiarudia. Nilisema kwa upole, niliogopa kumtia aibu.

Akanicheka. "Kwani mie mjinga? Najua hukumo mle ndani. Hata barua, mwandishi wake hamo. Lakini ukiisoma wasikia sauti ya nani?"

Nikauliza swali lililobaki, ambalo sasa halikuingia akilini kabisa: "Kama ulikuwa unayapenda, mbona ulikuwa ukikifunga kila Magharibi?"

"Ala! Adhana inaadhiniwa, wewe wasema nipo, nipo, nipo? Ntu huzungumza juu ya adhana?" Alishangaa kuulizwa. "Sikutaka maneno yako yapite juu ya adhana. Nikakunyamazisha. Ningekunyamazisha hata ungekuwa umekaa hapa."

Na kweli angeninyamazisha. Alikwisha kufanya hivyo siku ile, kwa kidole, nami nilikiona kidole kisha nisione maana yake. Nilikuwa nimemfikiria mama kama mtu wa kufunika masufuria. Kumbe kila siku alikuwa akinilinda adabu yangu mbele ya Mungu, na gharama ya ulinzi huo ilikuwa kofia nzima, na kila kesho yake akaanza tena bila manung'uniko. Nilimpenda mama siku ile kwa namna iliyonitisha.

Sikukirudisha kile cheusi. Maagizo ya ujenzi niliyaacha yalivyo, kwa sababu kitu ambacho ukikigusa vibaya kinabomoa nyumba hakifai kuwekwa mbele ya mtu. Lakini maneno nikayatoa kule nyuma, nikayaleta ndani ya programu yenyewe: chini ya duara nikatia ukanda mweusi, herufi nyeupe nene. Haya, nimekiona. Hewala. Nipo. Na pembeni mwa ukanda nikatia kitufe kimoja kikubwa, kimeandikwa "Adhana." Ukikibonyeza, maneno hunyamaza na kazi inabaki mahali pake. Ukikibonyeza tena, yanarudi. Nimeandika programu nyingi za watu wenye ofisi na viyoyozi, wala hakuna hata moja iliyoomba kitufe kama kile. Nikaituma, mtoto wa jirani anayesoma mambo hayo akamwekea.

Jioni yake simu ikalia. "Kimerudi," mama alisema.

Mchoro ulikwisha baada ya wiki chache. Kutoboa kulimwangukia baba. Kwetu mwanamume hashoni kofia yake, na baba aliweka wazi kwa kila aliyepita barazani kwamba yeye hashoni, yeye anashikilia karatasi tu isitambae. Ilivyotokea ni kwamba sindano nene ilikuwa mkononi mwa anayeshikilia. Alitoboa doa kwa doa, miwani puani, ulimi umetoka pembeni, na mama kando yake akimwambia polepole, utapasua. Karatasi ikachanwa, mama akachukua uzi. Kuanzia hapo sikuwa na wasiwasi. Nilimwona kwa simu ya video akishona macho yameelekea mlangoni, kidole cha kushoto kinatangulia kutafuta kitobo, sindano inafuata.

Asubuhi ya Idi baba alitoka na kofia yake. Alipita njia ndefu kwenda msikitini, ile inayopita mbele ya nyumba nyingi. Aliporudi akaivua, akanipa niishike kwenye mwanga. Mlangilangi ulikuwa umetulia pande zote, ila upande mmoja wa ukanda vitobo vichache vilikwenda mshazari.

"Hivyo vyangu," baba alisema kwa fahari.

"Navijua," mama akasema. "Vyote nimevipata kwa kidole. Nilitaka kuvinyoosha, nikaviacha."

Baba aliivaa tena kofia yake, ingawa tulikuwa ndani.

Siku ya pili ya Idi, baada ya Alasiri, mama akaniita mezani. Akawasha kompyuta, akasogeza uso wake karibu sana na kioo, karibu kuliko mwaka uliopita. Ukanda mweusi ukaandika Nipo. Akauliza kama anauliza bei ya samaki:

"Siku nisipoliona tena hilo, utafanyaje?"

Naogopa siku hiyo. Nilimwambia hivyo hivyo, naogopa, mama. Akanipapasa mkono, akasema yeye haogopi sana, ila angependa kujua. Basi nikamwambia naweza kulitia sauti. "Ya nani?" Yangu. "Haya," alisema, "tia." Nikaifungua programu palepale, nikasogeza mdomo kwenye kompyuta. Mama akatulia, baba akazima redio. Nikalitamka neno mara moja: nipo. Nikaliunganisha, nikajenga upya, mama akingoja kama anayengoja mkate kutoka jikoni.

Ikafunguka. Akaweka kiua cha kwanza cha kofia ya mwakani, macho ameyafumba kwa makusudi, anajaribu. Kompyuta ikasema kwa sauti yangu, "Nipo." Akatabasamu. Ikasema tena. Tukakaa hivyo sote watatu, hakuna aliyekuwa na haraka, mpaka mwanga ukaanza kuondoka dirishani na baba akainuka kuweka kawa juu ya sinia mwenyewe, ili mama asiinuke.

Muadhini akaanza. Kompyuta ilikuwa katikati ya neno langu. Kidole cha mama, macho bado amefumba, kikapapasa mezani, kikaipata mausi, kikaisogeza kidogo mpaka kwenye kitufe cha Adhana, kikabonyeza. Nikanyamaza ndani ya kompyuta, na nje yake nikanyamaza. Tulisikiliza adhana mpaka mwisho, tukasoma dua yake.

Kisha mama akanigusa goti.

"Upo?"

"Nipo, mama."